Shangazi wa Rafuni: Kitabu kilichofichwa juu ya kabati

Toleo lililopita nilizitaja kwa mistari minne tu zile riwaya za vijana zinazosimulia dunia mbovu ya kesho, nikadhani nimemaliza. Wapi! Bahasha zimejaa mezani. Nimechagua sita. Nyingine zilikuwa za kunisema vibaya, na hizo nimezisoma mara mbili mbili.

*Shikamoo Shangazi. Binti yangu ana miaka 13, mpole, mcheshi, hana neno na mtu. Lakini wiki tatu sasa hasomi kitu ila vitabu ambamo serikali inawakusanya watoto wauane huku watu wazima wakitazama kwenye televisheni. Nilifungua ukurasa mmoja nikakuta mtoto wa miaka 12 anachomwa mkuki. Kitabu cha tatu nimekificha juu ya kabati. Nimekosea? – Mama mwenye wasiwasi*

Marahaba, mama. Kiteremshe leo hii. Kwanza, hakuna adhabu kali kwa msomaji kama kumkatia hadithi mwishoni mwa Catching Fire, kitabu cha pili cha mfululizo wa The Hunger Games, mahali ambapo msichana anaambiwa kwamba kwao hakuna tena, na ukurasa umeisha. Pili, anajua kilipo. Juu ya kabati ndiko wanakoanzia kutafuta.

Nikuambie mimi nilivyoingia. Nimehariri vitabu vya watoto kwa miaka 26, na riwaya hizi nilikuwa nazikwepa kwa sababu majalada yake yalinichosha: msichana katupa mgongo, mji mbele yake unawaka moto. Likizo moja mtoto wa kaka yangu alilala kwangu, akaondoka akisahau The Hunger Games chini ya mto. Nikakifungua kwa nia ile ile uliyokuwa nayo wewe, ya upelelezi. Pembeni mwa sura ya kwanza nikakuta ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wake unaolala kushoto: "Na wazazi wamesimama tu?"

Nikaketi nikaisoma sura ile upya. Hakuna mtoto anayeuawa humo. Kuna kamba, foleni na karatasi. Watoto wa miaka 12 hadi 18 wanapangwa uwanjani kwa umri, na majina yao yamo ndani ya mitungi miwili ya kioo, wa wasichana na wa wavulana; atakayesomwa ndiye anayekwenda kuuana na wenzake. Wazazi wako pembezoni, kimya. Kisha mwandishi, Suzanne Collins, anafanya jambo ambalo mara ya kwanza nililipita haraka: anapiga hesabu. Ukifika miaka 12 jina lako linaingia mara moja, mwaka unaofuata mara mbili, hivyo hivyo mpaka mara saba ukiwa na 18. Lakini kama kwenu kuna njaa, unaruhusiwa kuongeza jina lako ili upewe nafaka na mafuta kiasi cha kumshikiza mtu mmoja kwa mwaka, na nyongeza hizo hazifutwi. Katniss, msichana anayesimulia, ana miaka 16. Tangu akiwa na 12 amekuwa akichukua chakula cha watu watatu: chake, cha mama yake, cha mdogo wake. Jina lake limo mara 20. Gale, mwenzake wa kuwinda, ana miaka 18 na nyumba ya watu watano: mara 42. Binti wa meya, rika la Katniss, ambaye hajawahi kuhitaji nafaka hiyo, hawezi kuzidi mara 5. Na hasira za Gale asubuhi ile zinamwangukia nani? Binti wa meya, maana ndiye aliye karibu.

Mtoto wa miaka 13 anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Anajua tayari maana ya kupangwa mstarini, kupewa namba, kusubiri jina lisomwe na mtu mwenye tabasamu, kwa kanuni zilizoandikwa kabla hajazaliwa, huku wanaompenda wakimwambia asimame wima. Shuleni kwake hafi mtu, ndiyo. Lakini tumbo lake linaijua ile hali. Riwaya inaichukua hali hiyo na kuifikisha mwisho wake wa kutisha, na njiani inamwambia kitu ambacho sisi wakubwa hatuthubutu kumwambia: kwamba watu wema kabisa wanaweza kusimama pembezoni wakaangalia. Naamini hilo ndilo linalowavuta, kuliko mikuki. Na ndilo linalotukera sisi, maana katika picha ile tunajiona tulipo.

Collins ameeleza kwamba wazo lilimjia usiku mmoja akibadilisha chaneli za televisheni: huku vijana wanashindania zawadi, huku vita vya Iraq, mpaka picha zikaanza kumchanganyikia. Akaziunganisha na ile hadithi ya kale ya Athens kupeleka wavulana 7 na wasichana 7 kisiwani Krete waliwe na Minotaur, zimwi nusu mtu nusu ng'ombe. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa anga, na alikwenda vitani Vietnam yeye akiwa mtoto mdogo. Kwa hiyo usidhani vifo vile vimetiwa kama pilipili ya kunogesha. Kila anayekufa analiliwa na mtu.

Ushauri wangu ni mmoja na nusu. Soma cha kwanza wewe mwenyewe, halafu umuulize binti swali la yule kijana wa penseli: ni mkubwa gani angeweza kufanya kitu? Mtabishana kuhusu mama yake Katniss, aliyezama kwenye huzuni baada ya mumewe kufa mgodini, akamwacha binti wa miaka 11 ailishe nyumba. Usikimbilie kumtetea. Na hiyo nusu: kitabu cha tatu, Mockingjay, kina msiba mmoja kuelekea mwishoni ambao hata mimi ulinifanya nikiweke chini siku mbili. Uwe karibu atakapoufikia, na usijifanye ulikuwa unapita tu mlangoni.

*Shangazi, mbona hamsemi ukweli kwamba wazo lote hilo liliibwa kwa Wajapani? – Msomaji wa siku nyingi*

Battle Royale ya Koushun Takami ilitoka mwaka 1999, miaka 9 kabla ya Collins. Darasa moja la watoto 42 (ndiyo, namba ile ile ya Gale, msinianzishie barua nyingine) linapelekwa kisiwani, linagawiwa silaha, abaki mmoja. Zinafanana, nani atakataa. Collins amesema hakuwa ameisikia riwaya hiyo hadi alipokwisha kukabidhi mswada wake. Mimi namwamini, na hata nisingemwamini, Wagiriki wangewadai wote wawili. Ukizisoma pamoja utaona zinavyoachana: Takami anakupitisha vichwani mwa watoto wengi, mmoja baada ya mwingine, wakati Collins hakutoi hata dakika moja ndani ya kichwa cha Katniss.

*Shangazi shikamoo, nina miaka 16 na ninaandika riwaya yangu ya aina hiyo. Mwaka ni 2190, kuna matabaka 9 yenye rangi 9, na sura ya kwanza inaeleza vita vilivyoyaleta. Rafiki zangu wanne wameisoma na hakuna aliyevuka ukurasa wa 6. Wananionea wivu? – Mwandishi chipukizi*

Marahaba. Hawakuonei wivu, mwanangu. Wamesinzia.

Umetutumia kurasa 11 na nimezisoma zote, kwa hiyo naongea kwa haki. Vita vyako ni vizuri. Shida ni kwamba umevieleza kabla sijapata mtu wa kumhofia. Tazama wenzako walivyofanya. Historia yote ya Panem, nchi ya kina Katniss, majanga ya tabia nchi, uasi, Wilaya ya 13 kuteketezwa, Collins anaibana katika aya chache tu, tena anamkabidhi meya aisome jukwaani siku ambayo hakuna mwenye hamu ya kusikiliza historia. Unaimeza bila kujua, kwa sababu macho yako yako kwenye mitungi ya majina.

Halafu kuna tofaa la Lois Lowry. Mapema kabisa katika The Giver, Jonas anarushiana tofaa na rafiki yake Asher, na kwa nukta moja, likiwa hewani, tofaa linabadilika. Hajui limebadilika nini. Si umbo, si ukubwa. Analichukua nyumbani akalitazame kwa kioo cha kukuzia, kisha kipaza sauti kinatangaza, bila kumtaja jina, kwamba vitafunio ni vya kuliwa, si vya kuhifadhiwa. Kurasa nyingi baadaye ndipo unapoambiwa kwamba aliona wekundu, na kwamba katika jamii ile karibu hakuna mwingine anayeona rangi. Kumbe tangu ukurasa wa kwanza ulikuwa unatembea kwenye mji usio na rangi na hukujua! Mara ya kwanza nilirudi nyuma kutafuta, nikidhani Lowry amejisahau mahali akaandika "bluu". Mhariri hawezi kuacha kazi hata kitandani.

Matabaka mengi si dhambi. Veronica Roth ana matano katika Divergent, lakini ameyaweka ndani ya mabakuli matano: mawe, maji, udongo, makaa ya moto na kioo. Ukifika miaka 16 unajikata kiganja na kudondosha damu kwenye bakuli la watu unaotaka kuishi nao maisha yako yote, wazazi wako wakitazama. Msomaji akisahau falsafa zote tano, hasahau mlio wa damu ikigusa makaa. (Roth aliianza riwaya hiyo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na ilipotoka mwaka 2011 alikuwa na miaka 22. Kwa hiyo umri si kisingizio, kwako wala kwa wanaokucheka.) Scott Westerfeld naye katika Uglies, mwaka 2005, alihitaji kanuni moja tu: ukifikisha miaka 16 unafanyiwa upasuaji ili uwe mzuri kama wengine wote.

Sasa rudi kwenye mswada wako, ukurasa wa 9, mstari ambao sidhani uliutilia maanani. Umeandika kwamba tabaka la kijani haliruhusiwi kufunga milango. Basi! Hiyo ndiyo riwaya. Tupa matabaka mengine manane kapuni, anza na msichana wa kijani anayelala mlango ukiwa wazi, na usiniambie kwa nini. Niache nishangae anavyovaa nguo upande wa ukutani. Kisha siku moja amkute mtu mlango wake umefungwa.

Mambo mawili ya haraka. Andika kwa nafsi ya kwanza na wakati uliopo kama unataka, wengi wa fani hii wamefanya hivyo, lakini ujue gharama yake: msimulizi wako hawezi kujua asichokiona, hivyo usimpe ghafla hotuba ya profesa. Na yule mtawala wako anayecheka peke yake ofisini, mwondoe. Nipe mtawala anayeamini kwa moyo wote kwamba milango ilikuwa ikiwaumiza watu. Huyo ataninyima usingizi.

*Shangazi, nimefundisha fasihi miaka 19. Riwaya hizi ni 1984 ya George Orwell iliyotiwa sukari: msichana, wavulana wawili, ushindi. Hata jina la Kiswahili hazina. Kwa nini tuzipe nafasi darasani? – Mwalimu*

Mwalimu, sukari ipo, sibishi. Wavulana wawili wamenichosha mimi pia. Kuna vitabu ambavyo udikteta unasubirishwa nje ya mlango mpaka msichana aamue ampende nani. Na ule ugonjwa wa kulazimisha vitabu vitatu mahali penye hadithi ya kitabu kimoja na robo, nimeuona kazini kwa macho yangu, mwandishi akiombwa avute kama mpira. Sinema nazo zikaiga: kitabu cha mwisho kinakatwa viwili ili tulipe mara mbili. Mfululizo wa Divergent ulijaribu hivyo, filamu ya mwaka 2016 ikaanguka, na ile ya kumalizia haikutengenezwa kamwe.

Lakini ushindi? Ulifika mwisho kweli? Katniss anaishia na jinamizi usiku, na inamchukua miaka 15 kukubali kuzaa. Mimi siiiti hiyo sukari.

Tofauti na Orwell naiona kwingine. Winston Smith, mhusika wake mkuu, ana miaka 39 na kidonda cha mguu, na anakumbuka kwa mbali kwamba mambo yaliwahi kuwa vingine. Hofu ya kitabu kile cha mwaka 1949 ni ya mtu mzima anayepokonywa kumbukumbu yake. Kabla yake kuna D-503 katika We, riwaya ya Mrusi Yevgeny Zamyatin, mhandisi mwenye namba badala ya jina, anayeishi nyuma ya kuta za kioo. Naye ni mtu wa cheo, ana cha kupoteza. (Zamyatin alizuiwa kwao. Riwaya ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1924, na nchini mwake ikasubiri hadi 1988.) Kijana wa riwaya hizi za sasa hana kumbukumbu ya kupokonywa. Kazaliwa humo humo, anadhani ndivyo jua linavyochomoza, na safari yake nzima ni kugundua kwamba kuna mtu aliyeipanga hali hiyo, na kwamba baba yake analijua hilo. Darasani kwako wapo wengi wanaoigundua habari hiyo muhula huu huu, kuhusu jambo moja au jingine. Wape Orwell, tafadhali, lakini usishangae wakimsoma kama habari za mjomba.

Kuhusu jina: Thomas More alibuni neno utopia, nchi njema ya kufikirika, mwaka 1516, na John Stuart Mill akaligeuza kuwa "dys-topians" ndani ya bunge la Uingereza mwaka 1868 kuwakejeli watu ambao mpango wao, kwa maoni yake, ulikuwa mbaya kupita kutekelezeka. Sisi tunaandika distopia na maisha yanaendelea. Ila usiseme hatuna kitu. Shamba la Wanyama ya Orwell huyo huyo, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, tunayo tangu 1967. Na Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimrusha mhukumiwa wa kifo angani akamtua kwenye sayari yenye haki, ili kutoka kule tuione hii yetu. Liandike jina hilo ubaoni kwa kulitenganisha, wale-ni-sisi, halafu nyamaza dakika nzima. Najua walimu hamwezi kunyamaza. Jaribu.

*Je, vitabu hivi haviwafundishi vijana kuasi? – Mstaafu*

Shikamoo mzee. Katniss anapojitolea badala ya mdogo wake, watu wa Wilaya ya 12, kwao, wanakataa kupiga makofi. Wanagusa midomo kwa vidole vitatu na kuviinua. Kitabuni ni ishara ya zamani, ya mazishini zaidi: ni shukrani, ni heshima, ni kumuaga umpendaye. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Mei 2014 nchini Thailand, waandamanaji waliiinua hadharani na wapo waliokamatwa kwa ajili ya vidole hivyo. Februari 2021 balozi wa Myanmar akaiinua ndani ya Umoja wa Mataifa. Balozi, mzee, mtu wa suti na tai. Vidole kweli walivitoa kitabuni. Kilichowatoa majumbani kilikuwa vifaru, na hivyo havikuandikwa na Collins.

*Shangazi, nimemaliza The Giver. Jonas alikufa kwenye theluji? Nataka ndiyo au hapana. Nina miaka 12.*

Barua yako ndiyo fupi kuliko zote na ndiyo iliyonisumbua zaidi.

Umekisoma katika umri ule ule ambao Jonas anapewa kazi yake, na nadhani hukulala vizuri. Mimi ukurasa ulioniumiza si wa theluji. Ni ule wa baba yake, yule mpole anayelea vichanga na kuvisemesha kwa sauti ya utani, akiwapima uzito mapacha wawili. Wewe unajua anachofanya baada ya kuwapima. Sauti yake haibadiliki hata kidogo.

Lowry alikichapisha kitabu hicho mwaka 1993, na mwaka uliofuata kikapata medali ya Newbery, inayotolewa Marekani kwa kitabu bora cha watoto. Amesimulia kwamba sehemu ya wazo ilitoka kwa baba yake, ambaye uzeeni kumbukumbu zilimtoka hadi akasahau kwamba binti yake mkubwa alikwishafariki. Hakuumia tena, na Lowry akajiuliza kama hiyo ni heri. Mwisho aliuacha wazi kwa makusudi, na watoto kama wewe wamekuwa wakimwandikia kumuuliza swali lako. Baadaye aliongeza vitabu vitatu, mwaka 2000, 2004 na 2012, na jibu limo ndani ya kile cha 2004, Messenger.

Kwa hiyo ninalo, ndiyo au hapana. Lakini kwanza niandikie: ulipofunga kitabu, kabla hujachukua kalamu, uliamini nini? Na ule muziki alioudhani unatoka nyuma, mahali alipotoka, wewe uliusikia? Ukinijibu hayo mawili nitakutumia neno langu moja ndani ya bahasha, si humu. Wapo wasomaji ambao bado hawajapanda kile kigari cha theluji.